Kipande cha Picha ya Mholanzi

Wakati wa Mjerumani, kabla vita havijatufikia, alikuja dukani kwetu Nkwenda Mgiriki mmoja aliyekuwa akiuza picha za kale zilizochorwa kwenye kitambaa. Aliegemeza moja kwenye magunia ya kahawa. "Kazi ya Mholanzi, ya zamani sana," alinadi. Ilikuwa picha ya mwanamke wa Kizungu mwenye ukosi mweupe mpana kama ungo, na ubavuni kwake binti yake mdogo, mkono wa mama ukiwa begani kwa mwanawe. Baba, ambaye ukoo wake ni wa pwani, hakutaka sura ya mtu katika nyumba ya kuswalia, lakini mvua ilikuwa ikimwagika na mgeni hafukuzwi.

Mnunuzi alikuwa Mjerumani aliyekuwa akijenga upande wa Isingiro. Aliikagua, akakunja uso. Maji yalikuwa yameingia ndani ya kasha njiani, na rangi ya uso wa mtoto ilikuwa imevimba na kubanduka.

"Namtaka mama tu," alisema. "Mtoto ameharibika."

"Hilo tu? Nitakukatia." Mgiriki akachomoa kisu.

Nilidhani wanataniana. Ghafla mama yangu akaacha chumvi aliyokuwa akipima, akaudaka mkono wenye kisu. Mama huyuhuyu, ambaye hakuwahi kumpandishia sauti hata mteja mkorofi!

"Usiwatenganishe, bwana. Wachukueni wote au waacheni wote."

Mgiriki alicheka. "Mama, hii ni rangi tu."

"Maneno yenu nayajua. Mama anafaa, mtoto anakohoa, hatafika pwani. Ndivyo walivyosema watu wa msafara wa watumwa. Wakaenda na mama yangu, mimi wakaniacha Kituntu."

Nilikuwa mwari wa kuolewa, na maisha yangu yote nilimjua mama kuwa Mnyambo, mzaliwa wa Kituntu, kuanzia lugha yake hadi mapishi yake. Nikamgeukia baba. Babu yangu, baba yake, alikuja huku kutoka pwani kufanya biashara na misafara hiyohiyo. Baba alikuwa akitazama miguu yake. Alijua!

Na walikata. Mbele ya macho yetu, bila haya. Mjerumani akaondoka na mwanamke wake amemviringisha chini ya koti, na Mgiriki akamsukumia mama kipande kilichobaki, bure, kama anayetupa maganda ya ndizi. Aliyepigilia msumari chumbani na kukitundika alikuwa baba mwenyewe. Sikuamini.

Siku moja nilimkuta mama amekaa mbele ya kile kipande. Uso wa mtoto ulikuwa umekwisha kabisa. Lakini kisu kilikuwa kimepita kwenye kifundo cha mkono, na vidole vya yule mwanamke bado vilikuwa vimeshika bega.

"Mwenzangu huyu aliachiwa mkono," mama alisema.