Mlinzi wa Miraba Mitatu

Jeska Wanzagi anachora mabango ya maduka hapa Manyamanyama, Bunda. Mimi, Rebeka, nashona sare za shule kwenye baraza hilo hilo, cherehani yangu upande huu na makopo yake ya rangi upande ule, kwa hiyo habari zake sikusimuliwa na mtu. Kila mtu mjini anaujua mkono wake hata kama hamjui yeye. Kuku mnene wa kwenye bango la chipsi ni wa kwake, na yule kijana wa ukutani saluni aliyenyolewa vizuri kupita vijana wote wa Bunda ni wa kwake pia. Wasichokijua wengi ni kwamba huyo huyo ndiye anayemchora Vardi.

Usijisumbue kukumbuka Vardi ni nani, maana hakuna anayemkumbuka. Ni mtu mdogo sana katika kitabu cha katuni kinachotoka Dar es Salaam kila mwezi. Shujaa mwenyewe, mwenye mabawa ya chuma, anachorwa huko huko na watu wenye ofisi. Mhariri wao alikuwa amesoma hadithi za kale za watu wa Ulaya ya kaskazini, kule kwenye theluji, akampenda mlinzi mmoja anayesimama kwenye lango la mbinguni. Hasinzii, anasikia mpaka majani yanapoota, na ana pembe ya kupuliza siku adui akija. Mhariri akatengeneza wa kwake, akamwita Vardi, na kwa kuwa wachoraji wote walimkimbia akamtupia Jeska. Miraba mitatu ya picha kila toleo, basi. Mtu anafika langoni, Vardi anauliza ni nani, mtu anapita, na hadithi inaendelea bila yeye.

Jeska hajawahi kuona theluji, na mlinzi wa lango anamjua mmoja tu. Akamchora baba yake. Shingo ndefu, ndevu za kuhesabika, koti la mvua lililokatwa mikono, na sikio la kushoto lililochanika. Lango la mbinguni likawa magogo mawili na miti ya kukingama, lango la zizi kabisa. Hata pembe ya Vardi ina tundu ubavuni, kama pembe zetu zinavyopulizwa. Mhariri alilalamika kwamba watu wa kule walipulizia nchani. Jeska alimjibu atarekebisha, hakurekebisha, na mhariri akasahau, maana mhusika mdogo raha yake ni kwamba hakaguliwi.

Mzee Wanzagi mwenyewe anaishi kijijini kwao, mbele kidogo ya Butiama, na kwa miaka mingi ndiye aliyeshika pembe ya tandala ya kijiji. Utaratibu wao uko hivi. Anayeona ng'ombe wanaibwa anapiga yowe. Mwenye pembe akisikia yowe anapuliza, na pembe ikilia kila mwenye miguu anatoka, wake kwa waume, na chochote kilicho karibu na mkono wake. Asiyetoka anatengwa: hasalimiwi, hapewi hata kaa la moto na jirani. Mimi kwetu ni Makoko, tumezoea mambo ya ziwa, na nilipoelezwa mara ya kwanza niliona watu hawa wana roho ngumu. Siku hizi sisemi tena hivyo.

Na kuna jambo la pili, ambalo ndilo lililoleta balaa. Pembe hainyang'anywi. Anayeishika anaitoa mwenyewe, mkono kwa mkono, akiwa amesimama kwenye lango la zizi lake. Ikichukuliwa kwa nguvu, hata ikilia mpaka jua lizame hakuna anayelazimika kunyanyuka.

Kiangazi kilichopita masikio ya Mzee Wanzagi yaliisha. Yeye alikataa kata kata. Alisema watu wa siku hizi wanaongea wamefunga midomo. Redio ilipoanza kunong'ona alibadilisha betri, ikaendelea kunong'ona, akabadilisha redio. Jeska alikuwa akirudi kutoka kumsalimia anacheka tu, lakini kilikuwa kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kuangalia.

Siku moja mchana Matrida, mjane anayelima pamba ng'ambo ya korongo, aliona wanaume asiowajua wakiwaswaga ng'ombe wa Mayala kuelekea porini. Akapiga yowe. Ng'ambo ya pili Mzee Wanzagi alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba yake anakaza mpini wa jembe, ameupa mgongo upande ule, na aliendelea kukaza mpini wake. Matrida alipiga yowe mpaka sauti ikamkauka. Na sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapowakasirikia: watu walimsikia. Waliokuwa shambani walimsikia, waliokuwa kisimani walimsikia. Wakasimama kungoja pembe. Pembe haikulia, wakasema basi si jambo kubwa, wakainama tena kwenye kazi zao. Mayala alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa na watoto wadogo, na ng'ombe wale hawajaonekana mpaka leo.

Mayala hakumtukana mzee. Afadhali angemtukana. Alipita tu mbele ya nyumba yake na kumwamkia kwa adabu, na mzee hakusikia hata ile shikamoo. Wazee wenzake walikwenda kumweleza taratibu kwamba pembe sasa ipate mtu mwingine. Akawajibu kwamba yowe halikupigwa, kwamba lingepigwa angelisikia. Wakarudi makwao, na kijiji kikabaki na pembe isiyo na masikio, wezi wakiwa wameshaijua njia. Ndipo wakampigia simu Jeska: wewe ni binti yake, zungumza naye.

Nilimwambia aende kesho yake. Nilimwambia kwa ukali, maana mimi sijui kubembeleza. Akaniuliza kama mimi ningeweza kumwambia baba yangu kuwa ni kiziwi, nikataka kujibu ndiyo, nikamkumbuka baba yangu, nikaendelea kushona.

Katika siku hizo hizo mhariri akatuma kwa simu maelezo ya toleo jipya. Vardi anakufa. Adui anakuja, Vardi anapuliza pembe, hakuna anayekuja, anaanguka peke yake langoni. Mhariri alieleza kwamba wasomaji wanapenda mtu akifa, na kwamba wanahitaji nafasi ya mlinzi mpya mwenye macho ya umeme. Jeska aliiweka brashi chini, na bango la duka la dawa likabaki na nusu ya neno. Kwao mtu aliye hai hachorwi maiti. Na hata kama angechorwa, alisema, hakuna pembe inayolia watu wasije; huyo mhariri hajui pembe ni kitu gani.

Akakaa na karatasi zake mpaka nikafunga cherehani. Alipomaliza alinionyesha, na miraba mitatu haikuwa ile aliyoagizwa. Katika wa kwanza ndege wanaruka kwa kishindo nyuma ya lango, na Vardi anatazama kwingine. Katika wa pili Vardi anaitazama pembe iliyo mikononi mwake. Katika wa tatu amesimama langoni anampa mtu pembe hiyo, na mtu yule hakuwa na uso. Nilimuuliza ni nani, akasema hajui, kila uso aliojaribu ulikataa.

Kila mara kabla ya kuituma kazi humpelekea baba yake aione, maana mzee anapenda kuikagua pembe. Safari hii aliniomba nimsindikize. Tulishuka Kiabakari, tukachukua bodaboda, na njia nzima alizikumbatia karatasi zile kifuani.

Mzee alitupokea vizuri. Alinitania kwamba watu wa Makoko tunanuka sato hata tukioga, nami nikamwamkia kwa sauti ya kuamsha kijiji kizima. Kisha akawekewa karatasi magotini, na akazitazama moja moja.

"Huyu wa kwanza haangalii ndege," akasema.

Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Hajawasikia."

Jeska alichuchumaa mbele yake ili mzee auone mdomo wake. Hakupaza sauti. "Hajawasikia, Baba."

Mzee aliligusa sikio lake lililochanika, kisha akauliza jambo ambalo hakuwa amemuuliza mtu yeyote kijijini. "Siku ile ya ng'ombe wa Mayala. Yowe lilipigwa?"

"Lilipigwa."

"Alipiga nani?"

"Mama Matrida. Alipiga mpaka akakosa sauti."

Nilimuonea mzee huruma mpaka nikasahau kuwa nilikuja nikiwa na hasira. "Nilikuwaga namsikia fisi akiwa bado ng'ambo ya mto," akasema. "Mama yako alikuwaga ananicheka, anasema nasikia mpaka anachokiwaza. Saa hizi nasikiaga kichwa changu tu, kinavuma." Akafuta macho kwa kiganja, bila kujificha, na Jeska akalia, na mimi nikalia, ingawa mzee yule si baba yangu na ng'ombe wale hawakuwa wangu.

Baadaye aliweka kidole kwenye mraba wa tatu. "Huyu mbona hana uso?"

"Sijamjua bado, Baba."

"Humjui?" Alimtazama binti yake kwa mshangao wa kweli. "Aliyewaona wezi ni nani? Aliyepiga kelele mpaka akakauka ni nani? Mimi nilikuwa nashika pembe tu, mama. Anayelinda ni yule."

Wazee waliitwa, na Matrida akaitwa kutoka shambani, akafika na udongo miguuni akidhani ameitwa kulaumiwa. Mzee mmoja alisimama kueleza kwamba tangu kijiji kuwepo mwanamke hajawahi kushika pembe, na alieleza kwa urefu. Mzee Wanzagi alimsubiri amalize, kisha akasema kwa upole kwamba masikio yake siku hizi ni mabovu, hajasikia hata neno moja. Alitembea mpaka kwenye lango la zizi, akaivua pembe shingoni, akaiweka mikononi mwa Matrida. Mayala ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.

Jeska aliuchora uso wa Matrida usiku ule ule akatuma. Mhariri alipiga simu akiwa amekasirika, akauliza mwanamke huyu ametoka wapi, lakini kitabu kilikuwa kinasubiriwa na mitambo na hapakuwa na muda wa kuchora upya. Kikatoka hivyo hivyo. Wasomaji hawakuandika kulalamika. Hawakuandika chochote, kusema kweli, na Vardi yupo hai mpaka sasa, mara moja moja anaonekana kwa nyuma amekaa ndani ya lango.

Mwezi uliopita nilikwenda tena na Jeska kumsalimia baba yake. Ilikuwa alasiri, tunasonga ugali jikoni, na mzee yuko uani anasokota kamba. Pembe ikalia kutoka ng'ambo ya korongo. Sijawahi kusikia sauti kama ile popote, inaingilia tumboni. Mzee aliendelea na kamba yake. Kisha akamwona Mayala anaruka ua na fimbo, akamwona mke wa jirani anatoka mbio na mchi, na watoto wakubwa, na yule mzee aliyepinga kwa urefu naye anachechemea na panga. Akawatazama wote. Akaiweka kamba chini, akatafuta fimbo yake, akaanza kwenda.

Jeska alimkimbilia akamzuia, akamwambia amezeeka, abaki, wengine wanatosha. Mzee aliutazama mdomo wake mpaka akamaliza.

"Pembe imelia, mama," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Nikibaki watanitenga."

Akampita, akatoka langoni, akawafuata watu pole pole, wa mwisho kabisa. Jeska akamfuata baba yake. Mimi nilikuwa bado na mwiko mkononi, nikatoka nao.