Mama Nungu Hasemi Nyumbani

Wanasema kauli njema humtoa nyoka pangoni. Wifi yangu angeweza kuwatoa nyoka wote wa nchi, ila nyumbani hakutoa kauli hata ya kumwita mtoto mezani.

Kazi yake ilikuwa kuingiza sauti kwenye filamu za katuni. Anafungiwa kwenye chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa sponji, hedifoni masikioni, anakodolea macho midomo ya wanyama kwenye skrini na kutia maneno ya Kiswahili pale midomo inapofunguka. Fundi wa sauti akisema "rudia," anarudia. Kuna siku sentensi moja humla tangu asubuhi hadi jioni.

Koo ndilo jembe lake, na alilitunza kuliko alivyotunza chochote kingine. Akirudi anakunywa maji ya uvuguvugu, anajizungushia kitambaa shingoni, basi, hasemi tena mpaka kesho. Mambo ya nyumba aliyaendesha kwa kugonga meza. Gonga moja, njoo. Gonga mbili, nyamaza. Binti yake, ambaye kwa udogo wake tulimwita Kidonge, aliielewa meza ile kabla hajajua kuhesabu.

Kaka yangu ni dereva wa malori, huja nyumbani kama mgeni na kuondoka kama mgeni. Mimi naishi chumba cha uani, kwa hiyo mtoto alikuwa wangu kila akitoka chekechea. Siku moja nilimwambia mama yake, "Wifi, huyu ni mtoto, si mbuzi. Unamgongea meza ya nini?"

Akachukua simu, akaandika, akanigeuzia nisome: *Hili koo ndilo linalotulisha.* Nikamrudishia simu, maana lilinilisha na mimi.

Kidonge alikuwa anang'ata. Huko chekechea aliwang'ata wenzake mikono, mashavu, mmoja alimng'ata sikio. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama tu. Angejibu nini, wakati hakuna aliyewahi kumwambia kile kinachomchemka kifuani kinaitwaje?

Ndipo ikaja filamu ya nungunungu. Kuna mtoto wa nungunungu ambaye kila akiudhika miiba inamsimama, na wenzake wanamkimbia. Mama yake, Mama Nungu, hamkimbii. Anaketi karibu naye na kumuuliza, "Unasikia moto au baridi?" Moto ni hasira, na hasira hupita. Baridi ni upweke, na upweke unataka mtu. Mtoto akishasema, Mama Nungu humfungulia mikono: "Basi njoo. Miiba yako haiwezi kunichoma."

Mimi filamu za katuni nilizidharau. Niliziona kama peremende, za kumnyamazisha mtoto nipate kupika. Lakini Kidonge aliitazama ile chumbani kwangu kila siku, akiwa amekumbatia magoti, midomo ikicheza kimyakimya pamoja na Mama Nungu. Jioni moja nilimkaripia kwa kumwaga maji. Zamani angening'ata. Safari hii alishika kifua chake, akafikiri, akasema, "Shangazi, nasikia moto. Utapita." Nikaacha kufagia.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu wetu alifunzwa na nungunungu, tena kwa sauti ya mamaye huyohuyo. Nilipomwambia kwamba Mama Nungu ni mama yake, alicheka mpaka akakaa chini. "Shangazi unanitania. Mama hana sauti hiyo."

Chekechea nako filamu ilifanya kazi. Mwalimu aliwaonyesha, na ugomvi ukapungua. Ukipita dirishani unasikia vitoto vikiulizana, "Moto au baridi?" Mwalimu aliposikia kutoka kwangu sauti ile ni ya nani, alimwalika wifi aje azungumze na watoto. Siku hiyo wifi alikuwa mapumzikoni, akakubali. Alivaa gauni lake zuri na kitambaa akakiacha nyumbani.

Watoto walikaa mkekani. Wifi akaketi kwenye kiti kidogo, magoti yakimfika kidevuni, akafungua mdomo. "Wanangu, leo nani anasikia moto, na nani anasikia baridi?"

Darasa lilipasuka kwa furaha. Walimpanda mapajani, walimshika shingo, wakamweleza ya kwao yote. Kuna msichana aliyefiwa na babu yake, alinong'ona, "Baridi," na wifi akamkumbatia na kumwambia maneno ambayo hayakuwa hata kwenye filamu. Mwalimu alijifuta macho. Mimi nilimtafuta Kidonge.

Alikuwa amesimama nyuma, karibu na rafu ya viatu, ameshika kiatu kimoja. Hakulia. Alimtazama mama yake akiwabembeleza watoto wa watu, mmoja baada ya mwingine.

"Na wewe, Kidonge wangu?" wifi akaita kwa sauti ileile. "Njoo, mama."

"Kumbe unaweza," Kidonge akasema.

Wifi aliendelea kutabasamu kwa sababu watoto walikuwa wanamtazama. Sitaficha, nilifurahi. Nilisema moyoni, ikuume, na ikuume vizuri. Furaha yangu ilidumu mpaka tulipotoka getini. Mtoto alikataa mkono wa mama yake, akakataa na wangu, akatembea mbele peke yake.

Nyumbani wifi hakugusa maji ya uvuguvugu. Alivuta kiti, akaketi karibu na mtoto pale mezani, akatumia sauti yote aliyokuwa akiitunza miaka yote ile. "Mwanangu. Unasikia moto au baridi?"

Kidonge alishika kifua chake na kufikiri, kama alivyofundishwa. "Baridi."

"Tangu lini, mama?"

"Mimi nilidhani huna," mtoto akasema. "Nilidhani ulizaliwa bila sauti hiyo. Nilikuwa nakuonea huruma."

Wifi alianza kulia. Hata kilio chake kilikuwa kizuri, kile cha kwenye filamu, maana hakuwa na kingine. Akafungua mikono. "Basi njoo. Miiba yako haiwezi..."

Kidonge alinyoosha mkono mdogo na kugonga meza mara mbili.

Wifi akanyamaza.