Majani ya Juni

Wytske Hoekema alizunguka mashamba ya Frislandi, kaskazini mwa Uholanzi, miaka ishirini na tisa akitoboa saileji, yale malundo ya majani yanayochachushwa chini ya plastiki ili yalishe ng'ombe wakati wa baridi. Alikuwa na bomba la chuma lenye meno. Kilichotoka alikitia kwenye mfuko wa sampuli, kikaenda maabara, na huko wataalamu wakakadiria methani, gesi inayoongeza joto duniani, ambayo ng'ombe wangetoa kwa mbweu. Ng'ombe mwenyewe hakuna aliyemgusa. Basi wanakijiji wakamwita Mama Mbweu, naye akaitika bila kununa.

Mdogo wake, Durk, alirithi shamba la baba yao pamoja na mwiko wake: lile bonde la chini halikatwi mpaka katikati ya Juni. Kila Machi walishuka pale ndege wa miguu mirefu waitwao skries, kutoka Senegali, wakataga chini kwenye nyasi. Durk na dada yake walichomeka fimbo kila penye kiota, wakasubiri makinda yaruke. Lakini majani ya Juni ni mashina matupu. Tumbo la ng'ombe huhangaika nayo, na methani hupanda.

Kiwanda cha maziwa kikaweka kikomo cha methani. Atakayezidi miaka miwili mfululizo, maziwa yake hayachukuliwi tena. Durk hakuwa na kazi nyingine duniani.

"Dada, toboa lundo la Mei, la mashamba ya juu, mara mbili, hili la Juni liache," alisema vuli ile, akimsogezea kahawa na mkate wa sukari.

"Nimetoboa ya watu wote kwa haki, leo nije kuiba kwa baba?"

"Baba alikufa kabla ya kiwanda kupata wazimu."

"Usinitie majaribuni, Durk. Kunywa kahawa yako."

Alitoboa yote mawili. Durk akazidi kikomo, mwaka wa kwanza. Dada mtu alilia garini, akijua kwamba haki yake ndiyo iliyomwangusha ndugu yake, na kwamba angeirudia.

Mei iliyofuata hakukuwa na fimbo. Wytske alifika akakuta trekta bondeni na ndege wakizunguka juu yake, wakilia hadi sauti zikakauka.

"Usinitazame hivyo!" Durk alimfokea kutoka juu ya trekta. "Kiwanda hakinunui ndege!"

Wytske akageuza gari. Alirudi nyumbani.

Septemba akaja na bomba lake. Shimo la kwanza, majani laini. La pili vilevile. Katika la tatu, ndani ya majani yaliyoshindiliwa, kulikuwa na mguu mwembamba mrefu na manyoya mepesi ya kinda. Kanuni inasema kisicho chakula kitolewe. Alikitoa, akakitia mfukoni mwa aproni, akafunga sampuli.

Majibu yalitoka mazuri kuliko ya kijiji kizima. Alimpigia simu Durk.

"Umepita."

Durk akacheka, cheko la kwanza kwa mwaka mzima. Kisha akashusha sauti.

"Dada. Kule ndani ulikuta kitu?"

Mkono wa Wytske ulikuwa mfukoni mwa aproni, umeushika ule mguu mwembamba.

"Majani tu," alisema. Katika miaka ishirini na tisa, hadi siku ile, hakuwahi kutoa majibu ya uongo.