Mikono Yenye Joto na Miwani ya Mkurugenzi

Siku yangu ya kwanza kazini, mkunga mkuu hakunipa glavu wala daftari. Alinishika vidole, akaviachia upesi.

"Mikono baridi hivi, we unaenda kumugusa nani? Samaki?"

Akanifundisha kusugua viganja hadi vipate joto, kumsalimu mama kwa jina, kumuuliza habari za nyumbani, kisha kuomba ruhusa ya kumgusa. Akikubali ndipo unapapasa tumbo, ukitafuta kichwa cha mtoto kwa ncha za vidole. Niliona ni kupoteza muda. Asubuhi ileile nikambonyeza mama mmoja bila kumwomba. Alilia, akanisukuma, na siku nzima hakukubali mkunga yeyote amkaribie. Sura yake sijaisahau, wala sikumgusa tena mama yeyote kabla ya kusugua viganja na kuomba.

Nilifanya kazi Carama, kisha Gasenyi, na mwishowe nikafundisha katika shule ya wakunga hapa Bujumbura. Kila mahali watu waliniita Mama Mikono.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mkurugenzi wa shule akaleta miwani. Ukiivaa inakufunika macho yote, unaona chumba cha kuzalishia na mama kitandani, navyo havipo.

Wanafunzi hawakuigusa. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa, si kwenye chakula, si kwenye kitu kigeni. Walinisubiri mimi.

"Mama, vaa hata dakika moja," mkurugenzi alinibembeleza. "Batoto wanakuangalia we."

"Apana. Inaleta kizunguzungu."

Nilikuwa sijaijaribu. Ulikuwa wivu, wivu wa mke mkubwa aliyeletewa mwenzake nyumbani. Mwezi mzima miwani ilikaa sandukuni, nami kila nilipopita karibu nayo nilisikia furaha mbaya moyoni.

Siku moja Nadia, mwanafunzi niliyempenda kuliko wote, alibaki darasani.

"Mama, mi naogopa kugusa mutu wa kweli mara ya kwanza. Mule ndani ya miwani, nikikosea, hakuna mwenye ataumia."

Nikamwona tena yule mama aliyenisukuma.

Kesho yake niliivaa mbele ya darasa. Mama wa mule ndani alikuwa mzuri mno, hana hata tone la jasho. Bila kufikiri nikasugua viganja, nikamsalimu, nikaomba ruhusa, nikangoja.

"Mashine haiombwi ruhusa, Mama!" mkurugenzi alicheka.

Nilipoivua, Nadia akaivaa. Akasugua viganja. Akangoja.

Sasa nimestaafu, nalima lengalenga zangu, mchicha wa huku kwetu, kule Ruziba. Juzi Nadia alikuja kunisalimu.

"Mama, siku hizi hakuna mwenye anavaa miwani kabla hajasugua mikono. Wageni wa shule wanashangaa, wanauliza nani alitufundisha."

"Na munawajibu nini?"

Aliinamisha kichwa. "Mkurugenzi ndiye anajibu. Anasema ni mashine."

Wivu ule wa zamani ulinipanda. Kisha Nadia akainuka kuniaga, na kabla ya kunigusa, akasugua viganja.