Hodi kwenye hekalu lisilo na mlango

Leo nimepiga hodi kwenye hekalu la mawe la watu wa kale, nikaitikiwa.

Liko mlimani, nje kidogo ya Johannesburg. Kwetu hatuingii kwa mtu kimya, hata kama mwenyewe alikufa zamani.

Mjukuu wangu, mzaliwa wa Randburg, aliona aibu mbele ya wageni. Akasema kwa Kiingereza: "Eish, Babu! Unasalimia mawe?"

Nikarudia. Hodi!

"Karibu, mzee!"

Mtoto akarukia mgongoni kwangu.

Kumbe ni mlinzi, Mkongo wa Uvira, kaegemea jiwe anakula. "Bengine bote banaingiaka kama mbuzi," akalalamika.

Mjukuu akaninong'oneza, kwa Kiswahili safari hii: "Babu, tuvue viatu?"

Pale miiba tupu. Nyinyi mngemjibuje?

Mimi nilivua.