Kanda Sita za Jambazi wa Meru

Niliweka kanda kwenye deki, Rehema akasogeza kigoda. Nilitaka amwone baba yake, Hashimu, aliyefariki yeye akiwa bado ananyonya. Akatokea bibi harusi anakata keki. Kanda ya pili, keki. Zote sita, harusi za watu.

"Baba mdogo, baba yuko wapi?"

Nilianza kazi ya kamera na darasa langu la saba, stesheni za watu binafsi ndiyo kwanza zimeruhusiwa. Siku ya kwanza Meneja wa Vipindi, Bwana Elisante, alinibebesha kamera nzito kama debe la mahindi. "Ukiiangusha, usirudi hata kuniaga."

Wakubwa walitaka kichekesho kutokana na ile hadithi ya Wazungu wa kale, ya jambazi wa msituni anayeibia matajiri na kugawia maskini. Tukamhamishia msitu wa Meru. Jambazi akawa Hashimu. Alipoletewa suruali ya kijani ya kubana, alikataa: "Mama mkwe wangu ana televisheni, bwana!" Akachovya kanzu yake kwenye rangi ya kijani, akapiga mishale hivyo hivyo.

Maskini wetu walikuwa na maringo. "Mbuzi gani huyu, mifupa mitupu? Rudisha, kaibe mwingine!" Hapo Hashimu alikuwa anacheka mpaka anakaa chini, nami nacheka, kamera inatikisika. Vipande hivyo sikuvikata.

Baada ya sehemu sita tukafungiwa. Wenye matangazo walitaka muziki. Nikavunja kijino cha kila kanda, kile kipande cha plastiki mgongoni. Kikishavunjwa, mashine haikubali kurekodi juu yake. Hashimu alipougua na kuzidiwa, akanishika mkono: "Rehema akikua, muonyeshe. Asinijue kwa picha ya kitambulisho tu."

Mwaka huu mgongo umenistaafisha mapema, nikaziomba kanda, nikapewa. Baada ya zile keki nilizigeuza. Palipovunjwa pamebandikwa selotepu. Selotepu haijibandiki. Mhariri wetu wa zamani ameniambia wazi: kanda mpya za kurekodia harusi za wateja zilikuwa zimejaa stoo, Bwana Elisante akaona uvivu kuzifuata. "Chukua hizo za kanzu ya kijani," alisema.

Ninyi mnaoanza kazi hii, mjue mtu anaweza kufa mara mbili.

Bwana Elisante, najua uko hapo Themi, mzima wa afya. Rehema ananiuliza baba yake alikuwa anachekaje. Nimejaribu kumwigizia, nimeshindwa. Njoo umjibu wewe.