Fundi Aliyepura Ulezi Juu ya Paa

Saa moja asubuhi, kabla maduka ya jirani hayajafunguliwa, Redempta Adolfu amekalia ndoo ndani ya duka la vitenge mjini Sumbawanga. Shingo ameirudisha nyuma, macho yako darini. Chai aliyoletewa imeshapoa.

Juu ya dari hiyo kuna paa tambarare la zege, na juu ya paa kuna maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Ameyajaza mwenyewe jana asubuhi, baada ya kuziba mabomba ya kutolea maji kwa matambara. Likidondoka hata tone moja, kazi yake ya miaka kumi na mmoja kwenye jengo hili imekwisha.

Redempta, mama wa watoto watatu, hutunza mapaa ya namna hii. Hufagia, huzibua mabomba, huziba nyufa na kubandika karatasi za lami kwa moto wa gesi. Siku yenye kazi humwingizia shilingi elfu thelathini. Siku zisizo na kazi, anasema, ni nyingi zaidi.

Balaa alijitakia. Mwezi Juni alileta ulezi kutoka shambani kwao Msanzi, na kwa kuwa ufunguo wa paa alikuwa nao, hakuona uwanja wa kupuria unaoushinda ule: jua la kutosha, upepo wa bure, kuku hakuna. Akatandika turubai, yeye na dada yake Coleta wakashika fimbo.

"Tumepura siku mbili, tunaimba," anakumbuka. "Sikuwaza kwamba fimbo inapasua lami chini ya turubai. Na mimi ndiye fundi wa lami."

Mvua ya kwanza ya Novemba iliteremkia kwenye majora ya Herieth, mwenye duka. Mwenye jengo, Mzee Maximilian, alidhani lami ilikuwa mbovu, akajiandaa kumshukia aliyeiuza. Redempta angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alimwamkia mzee, akaeleza yote. Mzee alimnyang'anya ufunguo, akampa wiki mbili arekebishe kwa gharama zake, halafu paa lijazwe maji siku nzima.

Siku hiyo inatimia sasa. Herieth anapanda ngazi, anapapasa dari kwa kiganja, kila kona, bila haraka. Kisha anageuka.

"Pakavu, dada."

Redempta anajifunika uso kwa khanga na kulia bila aibu. Mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, anatoa ufunguo mfukoni.

"Shika," anasema. "Ila fimbo zibaki Msanzi."

Anaupokea akicheka na kujifuta machozi. Mwakani anataka kununua mtungi wake wa gesi, aache kuazima, na amfundishe Coleta kazi hii.

"Na ulezi tutaupura nyumbani, chini kwenye udongo," anasema akipanda kwenda kuzibua mabomba. "Kuku wakila, wale tu."